Kingamwili

Neno hili limeungwa vizuri: kinga, kisha mwili. Ukilisikia unamwona askari getini. Sasa chukua dematomayositisi, maradhi yanayovimbisha misuli na kubabua ngozi. Mgonjwa hawezi kuinua mikono achane nywele. Kope zake zimepiga zambarau. Maabara hupima kreatini kinasi, kimeng'enya kinachovuja damuni misuli ikiumia (hata mazoezi makali hukipandisha). Kisha hutafuta kingamwili zenye majina kama namba za gari: Mi-2, MDA5, Jo-1. Hiyo “Jo” imetoka kwenye jina la mgonjwa mmoja.

Hapo ndipo neno linapoyumba. Kingamwili hizi hulenga protini za mwili uleule ambao zimewekwa kuulinda. Kikulacho ki nguoni mwako. Wapo wanaosema “kingamwili nafsi”. Masikioni mwangu hiyo ni falsafa, si damu kwenye chupa. Nilipendekeza “kingamwili asi”, kutokana na kuasi, mpaka rafiki yangu wa maabara akacheka: mgonjwa akisomewa “asi” atasikia “hasi”, arudi nyumbani akishangilia. Basi iwe “kingamwili haini”.