Sina Chenji

"Sina chenji," mwenye gesti aliniambia.

Hakuwa mtu wa kweli. Ilikuwa sauti ya rafiki yangu, msimulizi wa mchezo wetu wa Dungeons & Dragons, Jumamosi usiku katika chumba cha hosteli. Mhusika wangu alikuwa ametoka pangoni na mfuko wa dhahabu. Aliomba kitanda cha usiku mmoja, akatoa sarafu moja, akasubiri inayobaki. Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu neno hilo nimekua nalo. Mama yangu anauza nyanya gengeni. Mteja wa kwanza akija na noti ya elfu kumi kwa fungu moja, mara nyingi huondoka bila nyanya, na mama hubaki na nyanya zake.

Usiku ule nilifungua kitabu cha wachezaji, toleo la 2014, nikasoma bei kama ninavyosoma nyaraka za darasani. Dhahabu moja ni fedha 10, au shaba 100. Kuku ni shaba 2. Mbuzi ni dhahabu 1. Kibarua asiye na ujuzi hulipwa fedha 2 kwa siku, na kuishi kimaskini hugharimu fedha 2 zilezile kwa siku. Habakizi kitu. Chupa ndogo ya dawa ya kuponya majeraha, ambayo sisi huinywa katikati ya vita bila kufikiri, ni dhahabu 50. Kwa kibarua, hiyo ni mishahara ya siku 250.

Kwa nini dhahabu imejaa hivi? Mchezo ulipotoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson huko Marekani, dhahabu ilikuwa zaidi ya pesa: kila sarafu uliyoitoa shimoni ilikuongezea pointi za uzoefu. Ilikuwa alama, kama mabao. Mwaka 1978 Gygax alizitetea bei zake kubwa kwa kuzifananisha na miji ya Alaska wakati watu walipokimbilia dhahabu, yai moja likauzwa dola nzima. Maelezo hayo yanamfaa anayefika na dhahabu mfukoni. Yule aliyekuwepo kijijini kabla yake, mwenye fedha 2 kwa siku, naye atanunua yai kwa bei gani?

Uingereza ya zama za kati, ambayo michezo hii huazima ngome na mapanga yake, ilimjua mtu huyu. Baada ya tauni kuua watu wengi mno, vibarua wakawa adimu na wakadai malipo zaidi. Sheria ya mwaka 1351 ikaamuru kwamba wa kuanika nyasi za mifugo asilipwe zaidi ya peni 1 kwa siku. Wakati huo sarafu ya dhahabu iliyoitwa nobo ilikuwa na thamani ya peni 80. Kibarua huyo angeanika nyasi siku 80, bila kula, ili aishike moja. Na hata peni ya fedha ilikuwa kubwa kwa mkate wa siku. Kabla ya Mfalme Edward I kuanza kutoa sarafu za robo peni mwaka 1279, watu waliikata peni vipande viwili au vinne. Chenji ilitoka kwenye mkasi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba pesa ya mnyonge haipimwi kwa ukubwa wa sarafu. Hupimwa kwa siku: nimefanya kazi siku ngapi, na nitakula siku ngapi.

Jumamosi iliyofuata tulifika kijiji kingine. Mkulima mmoja alitoka na mtoto aliyejeruhiwa na nguruwe pori. Hakutuomba dawa. Alituuliza tu kama tumemwona mganga njiani. Nilitoa chupa yangu ya mwisho.

"Tutaihitaji kesho kwa joka," mwenzangu alilalamika. "Kwani ni shilingi ngapi kwake? Si anunue yake?"

"Siku 250," nikasema.

Hakuelewa. Nikafungua kitabu, nikaweka kidole kwenye mstari wa kibarua, nikamsogezea.