Nadharia za safari za Waafrika Amerika kabla ya Columbus

Nadharia hizi hudai kwamba mabaharia wa Kiafrika walivuka Atlantiki kabla ya mwaka 1492. Wanaakiolojia wengi hawazikubali, kwa kuwa hakuna kaburi wala makazi ya Waafrika ya enzi hiyo yaliyochimbuliwa Amerika. Msafiri wa Kiafrika aliyethibitishwa ni mmea: ule unaozaa vibuyu vya mursik, yaani maziwa ya mgando, huko Olenguruone, Kenya.

Masimulizi ya Mali
Katika karne ya 14 mwanahistoria al-Umari aliandika habari iliyosimuliwa na Mansa Musa, mfalme wa Mali, alipopita Kairo mwaka 1324. Mfalme aliyemtangulia alituma vyombo 200 vya watu, pamoja na vya mahitaji, kutafuta ukingo wa bahari, kikarudi kimoja. Akaondoka mwenyewe na vyombo 2,000, asionekane tena. Masimulizi hayataji nchi yoyote waliyofika.

Vichwa vya Waolmeki
Mwaka 1976 Ivan Van Sertima, msomi mzaliwa wa Guyana, alidai kwamba vichwa vikubwa vya mawe vilivyochongwa na Waolmeki, watu wa kale wa Meksiko, vina sura za Wanubi. Wakosoaji walijibu kwamba Waolmeki walichonga sura zao wenyewe, karne kadhaa kabla ya mafarao wa Kinubi aliowahusisha nao.

Jaribio la Ra II
Mwaka 1970 Thor Heyerdahl wa Norwei alitoka Safi, Moroko, akafika Barbados kwa siku 57 ndani ya mashua ya mafunjo. Alithibitisha kwamba safari inawezekana, si kwamba iliwahi kufanywa.

Ushahidi wa kibuyu
Olenguruone, katika nyanda za juu za Mau, kaunti ya Nakuru, Wakipsigis husugua kibuyu kwa mkaa wa mmea uitwao senetwet kabla ya kugandisha maziwa. Mmea wa kibuyu asili yake ni Afrika, lakini ulitumika Amerika takriban miaka 10,000 iliyopita. Uchunguzi wa mwaka 2005 ulielekeza kwamba ulipitia Asia. Lakini ule wa DNA wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa vibuyu vya kale vya Amerika vina nasaba na vya Afrika. Yaelekea vilielea kwa mikondo ya bahari, mbegu zikiwa hai ndani.

Umuhimu
Nadharia hizi zilipata wafuasi kwa sababu wakoloni walikana kwamba Waafrika wana historia. Kiu ya kuirejesha ni ya haki, ila haituruhusu kuwapokonya Waolmeki kazi ya mikono yao. Safari na biashara za pwani ya Afrika zina ushahidi wake: mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifikisha twiga kwa mfalme wa China, na sarafu ya Kilwa, mji wa pwani ya Afrika Mashariki, imepatikana Great Zimbabwe.