Shanty Town kuna bei, kihambani kuna makaburi

Ukifika Moshi ukaambiwa fulani anaishi Shanty Town, usimwonee huruma. Kwa jina utadhani ni mtaa wa vibanda, kumbe ndiko yaliko majumba yenye bustani pana na miti mikubwa. Sisi wa kipato cha kawaida tutafute Majengo, Njoro, Pasua au Soweto. Lakini wadau, leo nataka tupande mpaka Machame, ambako kwa miaka mingi nyumba ya mtu haikuwa na bei.

Tuanzie mjini kwanza. Moshi ilikua kwa sababu ya reli ya kutoka Tanga, iliyofika mwaka 1911 enzi za Wajerumani. Viwanja vikapimwa, Wahindi wakajenga maduka, nyumba ikawa mali ya kupangisha na kuuza. Mwaka 1971 serikali ikapitisha sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Yaliyochukuliwa nchini yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa.

Mlimani mambo yalikuwa mengine kabisa. Mchaga alikuwa na kihamba: migomba, kahawa katikati ya migomba, ng'ombe wa kulishwa bandani, mfongo wa maji jirani, na makaburi ya wazee. Mpaka ulikuwa masale, hakuna bikoni. Nyumba ilikuwa msonge wa nyasi, watu na mifugo chini ya paa moja. Kwa mila, mtoto wa kwanza wa kiume alitengewa sehemu yake na wa mwisho akarithi nyumba ya baba. Wa katikati walitafuta ardhi mpya, na siku hizo ilikuwepo.

Kahawa ikabadilisha nyumba. Baada ya KNCU kuanzishwa mwaka 1933, wakulima waliuza kahawa yao kwa pamoja, na fedha hiyo ikalipa ada za shule, bati na matofali. Msonge ukaanza kutoweka. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukilinda bei ya kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka, na vijana wengi wakaenda kutafuta maisha Arusha na Dar es Salaam. Hao ndio wanaojenga sasa: vigae vya rangi, madirisha ya alumini, geti kubwa. Majumba mengine yana kufuli mwaka mzima, yanafunguliwa Desemba familia ikija kula Krismasi.

Wakati huohuo watu wameongezeka. Sensa ya 1967 ilihesabu watu takriban 650,000 mkoani Kilimanjaro. Ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 1.8. Mlima ni uleule. Kihamba kilichomtosha babu kimegawanywa kwa baba na baba zetu wadogo, kisha kwetu, mpaka wengine wamebaki na mistari michache ya migomba na nafasi ya kaburi.

Katika kuandika habari za mashauri ya ardhi nimesikia kesi nyingi zinazofanana: kaka kauza kipande kimyakimya kwa mtu wa mjini, dada aliyebaki kumuuguza mama anaambiwa yeye ataolewa, hana chake. Dalali anataja bei, wazee wanauliza makaburi yatahamia wapi. Hapo ndipo undugu unapovunjika.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ingeweza kutusaidia tukiitumia. Inasema haki ya kimila ina nguvu sawa na hati ya serikali, inaruhusu familia kumilikishwa pamoja, na inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Maoni yangu ni haya: tuache kukata kihamba vipande. Tukae wakati wazee wangali hai, tuandikishe kihamba kimoja kwa jina la familia, mabinti wakiwemo, na tukubaliane nani anakaa na nani anasaidia kukitunza. Anayetaka kujenga jumba la kuonyesha watu, viwanja mjini vipo, hata Shanty Town. Au mnasemaje wadau, hasa nyinyi mabinti wa Machame?