Dawa Zinazojijenga: Njia ya Wajapani na Njia ya Wafaransa

Paul Ehrlich, daktari wa Frankfurt, aliota risasi ya ajabu: dawa itakayokiua kijidudu cha ugonjwa na kumwacha mgonjwa salama. Mwaka 1910 yeye na Mjapani Sahachiro Hata waliitoa Salvarsan, dawa ya kaswende iliyotengenezwa kwa aseniki. Tangu hapo kila anayebuni dawa ya kwenda moja kwa moja penye ugonjwa hupimwa kwa ndoto ile. Naamini imewasukuma watafiti mbele, na pia imewafumba macho wasione njia nyingine.

Asidi amino, ambazo mwili huzitumia kujenga protini, zina tabia zinazotofautiana. Baadhi hupenda maji, baadhi huyakimbia, nyingine zina chaji ya umeme. Ziunganishe kwa mpangilio unaofaa, zitie majini, nazo zitakusanyika zenyewe: zinazokimbia maji hujificha ndani, zinazoyapenda hubaki nje. Hakuna mkono wala mashine inayozipanga. Juu ya jambo hili moja imejengwa mikondo ya utafiti isiyofanana hata kidogo.

Wajapani walichagua kuificha dawa. Kuanzia karibu mwaka 1990, Kazunori Kataoka na wenzake walitengeneza minyororo yenye sehemu mbili: moja ni polietilini glaikoli, ipendayo maji, nyingine ni asidi aspatiki zilizoungana, nazo zimeshikishwa dawa ya saratani. Majini, minyororo hiyo huizingira dawa kama sabuni inavyozingira grisi ya sufuria, na kuwa vifuko vya makumi ya nanomita. Tumaini la kwamba vifuko hivyo vitafika vinapotakiwa lilitoka Kumamoto, Japani, ambako mwaka 1986 Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda walieleza kuwa mishipa ya damu ya uvimbe wa saratani huvuja, na uvimbe wenyewe hauna mifereji ya kutosha ya kutoa kilichoingia. Kifuko, basi, kitapita kwenye mishipa mizima bila kutoka, kikifika kwenye uvimbe kitavuja na kukaa humo.

Hoja hiyo ni nzuri mno, na uzuri wake ndio uliowachelewesha watu kuihoji. Uvimbe wa panya hukua kwa haraka na mishipa yake huvuja sana. Wa binadamu hutofautiana mtu na mtu. Mwaka 2016 kundi la Warren Chan, Toronto, lilipitia tafiti za miaka kumi na kukuta kwamba kiwango cha kati cha chembe za nano zinazofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7 tu ya dozi. Nyingi huishia kwenye ini na wengu. Kisha NK105, kifuko cha Kijapani kilichobeba paclitaxel, dawa ya saratani, kilijaribiwa kwa wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Matokeo yalichapishwa 2019: ugonjwa ulitulia kwa miezi 8.4, dhidi ya 8.5 kwa paclitaxel ya kawaida, na jaribio halikufikia lengo lake. Hata hivyo ganzi kali ya mikono na miguu ilipungua. Kwa mama anayeshindwa kufunga vifungo vya nguo yake, hiyo si faida ndogo, na inasikitisha kuona inatajwa kama nyongeza tu.

Wafaransa walianzia kwingine kabisa. Lanreotide ni dawa yenye asidi amino nane, ya kutibu ugonjwa wa homoni ya ukuaji iliyozidi. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba ikikolea majini hujipanga kuwa mirija yenye upana wa nanomita 24 hivi. Dawa ndiyo mjenzi, na ndiyo jengo. Huchomwa chini kabisa ya ngozi, huwa bohari, kisha hujitoa taratibu kwa wiki nne. Haitafuti uvimbe wala haipigi shabaha. Lakini imo hospitalini, na mgonjwa anapumzika kuchomwa sindano kila siku.

Mwaka huohuo, Tel Aviv, Meital Reches na Ehud Gazit walitengeneza mirija kwa fenilalanini mbili tu, kipande walichokitoa kwenye protini inayoganda katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer. Huo ni ugunduzi mkubwa wa maarifa. Bado si tiba.

Nikiulizwa, nitasema Wafaransa wametufundisha zaidi, kwa sababu waliiuliza molekuli inapenda kufanya nini kabla ya kuipa kazi. Ndoto ya Ehrlich iliwafanya wengi waone kufika penye uvimbe ndiko kushinda pekee, wakati kupunguza maumivu na idadi ya sindano kulikuwa tayari mikononi mwao.

Kwetu Afrika Mashariki kipimo kiongezwe kimoja. Doxil, dawa ya nano iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995 na inayotibu saratani ya Kaposi, huhifadhiwa kwenye jokofu na bei yake ni kubwa. Saratani hiyo iko hapa kwetu. Jaribio lililofanyika Kenya, Uganda na nchi nyingine nne, likachapishwa 2020, halikupima Doxil. Lilipima dawa ambazo hospitali zetu zinaweza kuzipata, na paclitaxel ya kawaida ikazishinda tiba nyingine mbili. Anayebuni kifuko kipya na aanze kwa kuuliza kama kitastahimili joto la zahanati ya wilaya.