Mama Maria Nyerere na Jasho la Mikono Yake



Tumefika miaka kumi salama. Kamati ya sherehe iliniomba niandike historia ya mama mmoja wa kuigwa. Nimemchagua Mama Maria Nyerere. Msiseme mwenyekiti kapanda juu mno! Habari za Ikulu siziwezi, mimi niliishia darasa la saba. Nitaandika habari za duka dogo na banda la kuku, maana hayo hata sisi wa Temeke na Kinondoni tunayajua.

Mama Maria Waningu, binti Gabriel Magige, alizaliwa tarehe 31 Desemba 1930, huko Mara. Wakati ule mtoto wa kike kupelekwa shule ilikuwa jambo la nadra. Yeye alisomeshwa na masista wa Kikatoliki, akafika Sumve kusomea ualimu, kisha akafundisha shule ya misheni ya Nyegina, karibu na Musoma. Kwa hiyo kabla hajawa mke wa mtu alikwisha kuwa mwalimu na mshahara wake. Tuliweke hilo moyoni.

Januari 1953 alifunga ndoa kanisani na Mwalimu Julius Nyerere, ambaye naye alibatizwa mkubwa, mwaka 1943. Wakahamia Pugu, Mwalimu akafundisha shule ya Mtakatifu Fransis. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa. Machi 1955 Mwalimu akaenda New York kuwasemea Watanganyika mbele ya Umoja wa Mataifa. Aliporudi akaambiwa achague moja, ualimu au siasa. Akaacha ualimu.

Hapo tunapenda kupiga makofi, na kweli makofi yanastahili. Lakini mimi nikisoma habari hiyo nauliza swali la jikoni: je, mshahara ulipokatika, watoto walikula nini? Baba yuko safarini, leo mkutano huku, kesho kule. Chama nacho ndio kwanza kichanga. Wazee wa Kariakoo wanasimulia kwamba Mama Maria alikuwa na duka dogo, akiuza mafuta ya taa. Nyumba yao ya Magomeni, mtaa wa Ifunda, imehifadhiwa kama makumbusho, na mwenye nafasi aende akaione. Ni nyumba ya kawaida kabisa, kama zetu.

Basi mimi nasema hivi. Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 uliletwa na hotuba, na akina Bibi Titi Mohamed walizunguka nchi nzima kuwahamasisha wanawake. Lakini pia uliletwa na mama aliyepima mafuta ya taa ili nyumba isilale njaa. Huyo wa mwisho hatajwi sana kwenye vitabu.

Mume akawa Rais, na Mama hakukaa akakunja mikono. Alifuga kuku. Kisha Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Viongozi wakatakiwa waachane na mambo ya kibepari: hisa katika makampuni, nyumba za kupangisha, mishahara miwili. Na kiongozi akahesabiwa pamoja na mwenzi wake, yaani mali ya mke ni kama mali ya mume. Mradi wa kuku wa Mama Maria nao ukaachwa.

Sisemi sharti lile lilikuwa baya. Kiongozi akiwa na nyumba kumi za kupangisha, kilio cha mpangaji atakisikia wapi? Na Mwalimu aliianzia nyumbani kwake, hakumwonea mtu. Lakini kama mwanamke, jambo hili linanigusa. Mama aliyejitafutia kwa mikono yake anaambiwa jasho lako limehesabiwa kwa mwenzio. Yeye alitii, wala hakufanya ugomvi wa hadharani. Sijui wangapi kati yetu tungeweza.

Nadhani kilichomshika ni imani. Misa na rozari ndivyo vilivyokuwa nguzo za nyumba ile. Mwalimu alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, mwili uliletwa hapa Dar es Salaam, na mimi nilikuwa katika ule umati wa Uwanja wa Taifa, Temeke. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, watu wanalia kama wamefiwa na baba mzazi. Mama Maria sikumwona, nilikuwa mbali. Nilimwombea tu, maana sisi tulimpoteza Rais, yeye alimpoteza mtu wa miaka arobaini na sita ya ndoa. Mazishi yalifanyika Butiama tarehe 23 Oktoba.

Baada ya hapo hakujifungia ndani. Kanisa lilipoanza mchakato wa kumtangaza Mwalimu mwenye heri, naye akaitwa Mtumishi wa Mungu mwaka 2005, Mama Maria alikwenda na mahujaji Namugongo, Uganda, akiwa bibi kizee, kusali kwa nia hiyo. Kutoka Mara hadi Kampala si karibu, jamani.

Sasa nirudi kwetu. Mnakumbuka mwaka wetu wa tatu, mwenzetu mmoja alikuja kikaoni akilia. Mume wake alitaka tumkabidhi yeye akiba ya mkewe, akidai fedha ya mke ni ya mume. Tulibishana mpaka giza likaingia. Wengine walisema tumpe tu, tusivunje ndoa ya watu. Mwisho tukaandika kwenye katiba yetu: hisa ni ya mwanachama mwenyewe, na inatolewa mkononi mwake mbele ya wenzake, sanduku likifunguliwa kwa funguo zote tatu. Yule mama alijenga chumba na ukumbi. Mumewe mwenyewe alikuja kutushukuru, na wanaishi humo pamoja.

Ndiyo maana nimemwandika Mama Maria. Nyumba hutegemea duka la mama siku ambayo mshahara wa baba umekatika, basi duka hilo lihesabiwe kwa jina lake. Kikundi chetu kina wanaoanza kikao kwa Baba Yetu na wanaoanza kwa Fatiha, na katika hili tu wamoja.

Mabinti zetu, mtakapoandika kijitabu cha miaka ishirini, andikeni pia majina ya waliouza mafuta ya taa.

Mungu abariki mikono yenu.

Mwenyekiti wa Kikundi