Hoki ya barafu: Je, beki anastahili kuchaguliwa wa kwanza kwenye drafti?

Ligi ya NHL ya Marekani na Kanada ina timu 32, na kila mwaka timu hizo hugawana vijana wapya kupitia drafti. Zilizofanya vibaya ndizo zenye nafasi kubwa ya kuchagua mapema. Wengi wa wanaochaguliwa wana miaka 18 tu. Ukikosea hapo, unaweza kujuta miaka kumi.

Swali linalorudi kila mara: nafasi hiyo ya juu apewe beki, au mshambuliaji?

Kwa nini beki ni kamari?

Beki huchelewa kukomaa. Mshambuliaji mwenye kipaji anaweza kufunga mabao msimu wake wa kwanza. Beki lazima ajifunze kusoma mchezo, kupambana na wanaume wenye nguvu kumzidi na kutoa kisahani nyuma akiwa amebanwa. Hayo huja na umri, kwa hiyo ni vigumu kumpima akiwa na miaka 18.

Takwimu za tuzo zinaonyesha hivyo. Tuzo ya Norris hupewa beki bora wa msimu. Kuanzia 2010 hadi 2025 imetolewa mara 16, na mara 5 tu imeenda kwa beki aliyechaguliwa ndani ya 10 bora. Mara 7 imeenda kwa waliochaguliwa raundi ya pili au ya tatu, au ambao hawakuchaguliwa kabisa. Duncan Keith alikuwa wa 54, Roman Josi wa 38, Adam Fox wa 66. Mark Giordano, mshindi wa 2019, hakuna timu iliyomchagua.

Linganisha na Hart, tuzo ya mchezaji mwenye thamani zaidi kwa timu yake. Katika kipindi hichohicho, mara 9 kati ya 16 imebebwa na mshambuliaji aliyechaguliwa namba moja, wakiwemo Sidney Crosby na Connor McDavid. Kwenye Norris, hakuna namba moja hata mmoja.

Mfano wa St. Louis

Mwaka 2006 St. Louis Blues walimchukua beki Erik Johnson namba moja. Waliomfuata walikuwa Jordan Staal, Jonathan Toews na Nicklas Backstrom, wote washambuliaji. Johnson aliumia goti kwenye ajali ya kigari cha gofu, akakosa msimu mzima wa 2008-09, na mwaka 2011 akauzwa Colorado. Toews akawa nahodha wa Chicago na kunyanyua Kombe la Stanley mwaka 2010, 2013 na 2015.

Lakini Blues hao hao walirudia mwaka 2008: wakamchukua beki Alex Pietrangelo namba nne. Mwaka 2019 akiwa nahodha, aliwapa kombe la kwanza katika historia yao.

Kwa nini timu bado zinawachukua?

Kwa sababu beki wa daraja la juu hauzwi ovyo. Hucheza hata dakika 25 kati ya 60, kuliko washambuliaji wengi, na timu ikimpata haimwachii. Drew Doughty, namba mbili 2008, aliipa Los Angeles makombe mawili. Victor Hedman, namba mbili 2009, akafanya hivyo Tampa Bay. Cale Makar, namba nne 2017, alikuwa mchezaji bora wa mechi za mtoano Colorado ilipotwaa kombe 2022.

Mwelekeo nao umebadilika. Kati ya 1997 na 2017 mabeki wawili tu walichaguliwa namba moja. Kuanzia 2018 hadi 2025 wamekuwa watatu: Rasmus Dahlin, Owen Power na Matthew Schaefer. Hoki ya sasa ina kasi, na beki anayeteleza vizuri ndiye anayeanzisha mashambulizi.

Hatari iko wapi hasa?

Ni pale timu inapochukua beki kwa sababu tu ina upungufu nyuma. Mwaka 2012, wachezaji 8 kati ya 10 wa kwanza walikuwa mabeki. Griffin Reinhart, namba nne, hakufikisha mechi 50 NHL. Morgan Rielly, aliyemfuata namba tano, akawa nguzo ya Toronto kwa miaka mingi. Mshambuliaji Filip Forsberg alisubiri hadi namba 11, kisha akawa nyota Nashville.

Kwa hiyo, beki akiwazidi wenzake waziwazi, achukuliwe. Wakilingana, mshambuliaji ndiye dau salama zaidi, maana beki mzuri bado anaweza kupatikana raundi ya pili. Na kijana wa kujaza pengo la leo huenda akakomaa baada ya miaka minne, wakati pengo limeshahamia kwingine.