Nasaba, Nafaka na Majina ya Mama Zetu

Wengi wetu tulioko Al Khuwair, mtaa wa mawizara, tuliporudi Oman baada ya 1970 tuliulizwa suali moja kabla ya yote: wewe bin nani? Jawabu ndiyo iliyotupa pasipoti. Kwa wazee wetu Zanzibar, jawabu hiyo hiyo ndiyo iliyompa mtoto nafaka na urithi.

Sheria ya Kiislamu humnasibisha mtoto na mwenye kitanda, akiwa mume wa mama yake au bwana wa suria. Bwana akikiri mtoto wa suria ni wake, mtoto huyo ni huru na hurithi sawasawa na wa mke wa ndoa. Sayyid Said bin Sultan alipofariki 1856 aliacha watoto 36 waliozaliwa na masuria. Mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi, wa Salme Mcherkasi, na wote wawili walihesabiwa watoto wa Sayyid.

Lakini yote yalitegemea ulimi wa baba. Akikana, au akifa hajakiri, mama alihitaji mashahidi. Amri ya 1897 iliyoondoa utumwa kisheria iliwaacha masuria palepale walipo, ila aliyeshitaki ukatili. Aliyeweza kukombolewa kwa idhini ya korti ni yule asiyezaa. Aliyezaa alifungwa na mwanawe mpaka amri ya 1909.

Leo Oman ina Sheria ya Hali za Kibinafsi, Amri ya Kisultani 32/97. Nasaba huthibiti kwa kitanda, kwa kukiri au kwa bayana. Nafaka ya mtoto mdogo asiye na mali ni juu ya baba: binti mpaka aolewe, kijana mpaka afikie umri wa wenzake kuchuma, ila akiwa bado anasoma.

Haki hiyo ni nzuri, lakini asiye na bayana haifikii. Wazee wetu walioa Tabora, Ujiji mpaka Kongo, na nikaha nyingi zilikuwa midomoni mwa mashahidi ambao sasa wamo makaburini. Nasi tunatundika ukutani shajara zenye majina ya wanaume watupu. Mjukuu aliyebaki bara atathibitisha vipi babu yake ni nani, ikiwa jina la bibi yake, mji alioolewa na walioshuhudia hatukuviandika popote?

Basi tuyaandike majina ya mama zetu, masuria na wake wa ndoa, maadamu wapo wazee wanaoyakumbuka. Shajara isiyo na mama haimfai mtoto anayedai haki yake.